Samaki Pia Anakosa Hewa: Vile Joto Linacheza na Ziwa Victoria Mpaka kwa Sahani Yako

Wacha tuanzie kibandaski ya hapo mtaani. Ni saa saba mchana, njaa imekushika mbaya, umeagiza ugali omena. Mathee anakuletea sahani. Unaicheki, unamcheki yeye, unaicheki tena. Ugali iko sawa, sukuma iko, lakini omena ni ya kuhesabu na vidole. Ukiuliza, anakujibu bila hata kugeuka: "Kijana wangu, hata mimi siku hizi naitafuta na tochi. Huko lake mambo si mazuri."

Wengi wetu tunaachia hapo. Tunasema uchumi umekazana, tunalaumu gava, tunalaumu madalali, tunamanga kilichopo na kurudi kazi. Lakini "mambo si mazuri" ni nini hasa? Ziwa Victoria halijahama. Maji yako, tena mwaka wa 2020 na 2024 yalijaa mpaka yakaingia kwa keja za watu bila kubisha hodi. Sasa kama maji yamejaa, samaki wameenda wapi?

Hatutadanganyana ati sababu ni moja. Wavuvi ni wengi, nyavu haramu ziko, na uchafu wa miji na mashamba unaishia majini. Lakini kuna kitu kingine kinachofanya hizo ngori zote ziwe mbaya zaidi, na sisi watu wa mtaa hatukiongelei sana: joto. Dunia ikipata joto, ziwa nalo linapata joto. Ziwa likipata joto, samaki anakosa hewa. Na sheria tunazotumia kumlinda huyo samaki ziliandikwa tukidhani ziwa litakaa vile vile miaka nenda miaka rudi.

Twende pole pole.

Somo la kwanza: soda ya moto

Chukua soda mbili. Moja itoe kwa friji, ingine iache kwa dirisha la mathree ichomwe na jua. Zifungue. Ile ya baridi inakaa na gesi yake mpaka karibu mwisho. Ile ya moto inatapika povu lote mara moja, na ukinywa ni kama maji ya sukari. Sayansi yenyewe ndiyo hiyo: maji baridi yanashikilia gesi, maji moto yanaiachilia.

Oksijeni ni gesi. Samaki anapumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, akiichuja na mashavu yake. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzijoto 20 inaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzijoto 30, inabeba kama 7 na nusu. Na Ziwa Victoria haliko usawa wa bahari. Liko juu, kama mita 1,134, penye hewa ni nyepesi, kwa hivyo hiyo oksijeni inapungua tena.

Sasa hapo ndio kuna noma. Wewe ukiwa Garissa ama Limuru, mwili wako unabaki kwa nyuzijoto 37 hivi. Samaki hana hiyo bahati. Joto la mwili wake linafuata joto la maji. Maji yakipata moto, mwili wake unaanza kukimbia kama injini: anataka chakula zaidi na anataka oksijeni zaidi. Kwa hivyo joto linampiga mara mbili. Hewa inapungua wakati ule ule anaihitaji kuliko kawaida.

Kama bado hujashikanisha, fikiria uko ndani ya nganya imejaza mpaka mlangoni, madirisha yamefungwa, jam ya Thika Road, jua la saa nane. Hakuna mtu amededi. Lakini hakuna mtu anataka kula, hakuna mtu anataka kubonga, kila mtu anaomba tu afike stage. Samaki wa maji moto anaishi hivyo siku nzima, na hana stage ya kushuka. Nguvu ambayo angetumia kukua na kutaga mayai inaishia kwa kupumua.

Ziwa lina ghorofa

Wengi hudhani ziwa ni kama karai, maji ni yale yale kutoka juu mpaka chini. Zii. Ziwa la kina lina ghorofa. Ya juu inapigwa na jua, kwa hivyo ni moto na nyepesi. Ya chini ni baridi na nzito. Maji mepesi yanaelea juu ya mazito, na hayo mawili hayachanganyiki kirahisi.

Ghorofa ya juu inapata oksijeni kutoka kwa upepo na kutoka kwa mwani, ile mimea midogo ya kijani inayoelea. Kila kitu kinachokufa huko juu kinazama, na bakteria wa chini wanakila. Wakila, wanatumia oksijeni ya huko chini mpaka inaisha. Kwa hivyo ghorofa ya chini inabaki na mbolea kibao lakini haina hewa.

Kitambo ziwa lilikuwa na dawa yake, na bado inayo. Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti hivi, upepo wa kusini-mashariki unapuliza, maji ya juu yanapoa, na ghorofa zote zinakorogwa kama uji. Hewa inashuka chini, mbolea inapanda juu. Mwani unapata chakula, vidudu vidogo vinakula mwani, omena anakula vidudu, mbuta anakula omena. Kila mtu anashiba, mpaka wewe hapo kibandaski.

Joto likizidi, maji ya juu yanazidi kuwa mepesi, na kuyakoroga kunataka upepo wa nguvu zaidi. Hii haijatolewa kwa vitabu vya hadithi. Mwaka wa 2003, wanasayansi walichapisha utafiti kuhusu jirani yetu, Ziwa Tanganyika, katika jarida la Nature. Waligundua kwamba joto limepunguza kukorogwa kwa maji, na chakula kinachotengenezwa na mwani kimeshuka kwa kama asilimia 20. Wakakadiria kwamba samaki wanaovuliwa wanaweza kupungua kwa kama asilimia 30 kwa sababu hiyo. Hapo hata ungefunga wavuvi wote jela, chakula cha samaki bado kingekuwa kimepungua.

Victoria ni ziwa la aina ingine. Ni pana vibaya, kama kilomita 68,800 za mraba, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na penye ni chini kabisa ni kama mita 80. Tanganyika inapita mita 1,400. Kenya yenyewe ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na kipande kikubwa cha hiyo asilimia 6 ni Ghuba ya Winam, pale Kisumu na Homa Bay, penye maji hayaendi chini sana. Maji ya kina kifupi yanapata moto haraka, kama chai kwa sahani inavyopoa haraka, ila hapa ni kinyume.

Alafu mito kama Nyando na Sondu-Miriu inaingia hapo na udongo na mbolea za mashamba, nayo miji inaongeza maji taka yake. Mwani unapenda mbolea na unapenda joto. Unachipuka mpaka maji yanakaa supu ya kijani. Mchana mwani unatoa oksijeni, lakini usiku hakuna jua, kwa hivyo nao unapumua ile ile oksijeni ya samaki. Ndio maana saa mbaya zaidi kwa samaki ni alfajiri, kabla jua halijatoka.

Asubuhi vizimba vinanyamaza

Samaki wa kuvuliwa walipoanza kupungua, wasee wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia waliingia kwa bizna ya vizimba. Ni nyavu kubwa zinazoelea ziwani, ndani kuna maelfu ya ngege wanaolishwa mpaka wafike saizi ya sahani. Ni bizna ya ukweli, imetoa vijana wengi kwa base. Lakini ina siri moja.

Samaki wa ziwani akisikia hewa imeisha, anakula kona. Anaenda penye kuna hewa. Samaki wa kizimba hana pa kuhepa.

Upepo wa dhoruba ukipuliza vibaya, maji ya ghorofa ya chini yasiyo na hewa yanaweza kusukumwa juu kwa ghafla. Novemba 2022, wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu waliamka wakapata samaki wameelea tumbo juu. Hasara ilihesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ilisema tatizo lilikuwa uhaba wa oksijeni. Karibu miaka miwili kabla ya hapo, mwisho wa 2020 kuingia 2021, mbuta wakubwa walielea upande wa Uganda, kwa Victoria na Ziwa Kyoga. Maelezo ya serikali ya Uganda yalikuwa ya aina hiyo hiyo: dhoruba zilikoroga maji na oksijeni ikashuka.

Kila mara samaki wakielea, riba ya kwanza mtaani ni ati mtu ameweka sumu. Wakati mwingine uchafu unahusika kweli. Lakini mara nyingi muuaji hana sura: ni joto, mbolea, mwani na upepo vikikutana usiku mmoja. Na mfugaji alikuwa amechukua mkopo wa chakula cha samaki. Mkopo haukufa na samaki.

Nani anatoboa, nani anaumia

Joto halipigi samaki wote sawa. Cheki mbogi nzima.

Mbuta ndiye sonko wa ziwa. Aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali na amemaliza aina nyingi sana za fulu, wale samaki wadogo wa asili. Fileti yake inapanda ndege kwenda ng'ambo, na wewe unabaki na mgongo wazi. Lakini huyu sonko ni dhaifu kwa kitu kimoja: anataka oksijeni mingi. Ghorofa ya chini ikikosa hewa, anasukumwa juu na kando kando, penye nyavu zinamngoja. Hapo kuna mtego mbaya. Kwa muda mvuvi anaweza kuona anashika mbuta wengi, akadhani mambo yamerudi, kumbe samaki wamefinywa tu kwa kona.

Ngege anavumilia joto kuliko mbuta, ndio maana anafugwa. Huyo wa kizimba hata si ngege wa asili. Ni nyamami, naye aliletwa miaka ya 1950. Lakini ana mipaka pia. Vifaranga vyake vikikulia kwa maji ya nyuzijoto 36 hivi, wengi wanatoka madume. Sasa piga hesabu: kijiji cha machali watupu, nani atataga?

Omena ni mdogo, anaishi muda mfupi na anazaana haraka, kwa hivyo anaweza kurudi upesi mambo yakitulia. Ndiye anabeba uzani mkubwa wa samaki wanaovuliwa ziwani sai. Shida ni kwamba maisha yake mafupi yanamfanya ategemee mwaka mmoja mmoja. Mwaka ukiharibika, inaonekana kwa gorogoro mapema sana.

Ningu wakubwa wa zamani wanamjua. Huyu hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga. Wavuvi walimmaliza kwa kutega nyavu midomoni mwa mito kitambo sana, na waliobaki sasa wanangoja mvua ambayo haijui itakuja lini.

Halafu kuna kamongo na mumi. Hao wana uwezo wa kuvuta hewa ya juu kama wewe na mimi. Maji yakiwa mabovu, chini ya gugumaji, wao wanaendelea na maisha. Ziwa likizidi kukosa hewa, hawa ndio watabaki na keja. Kama hupendi kamongo, anza kuzoea.

Mvua imekosa adabu

Joto ni nusu ya stori. Nusu ingine ni mvua. Karibu asilimia 80 ya maji ya Ziwa Victoria yanatoka kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kwa hivyo mvua ikichanganyikiwa, ziwa linachanganyikiwa.

Mwisho wa 2019 mvua ilinyesha kama bomba lililopasuka, na kufikia Mei 2020 ziwa lilikuwa limefika kiwango cha rekodi ya 1964. Baada ya hapo kaskazini na mashariki mwa Kenya kukakosa mvua misimu mitano mfululizo mpaka mwisho wa 2022. Kisha El Niño ya 2023 na mafuriko ya 2024, na ziwa likapanda tena kuliko 2020. Miaka mitano, nchi moja, na hakuna mwaka ulifanana na mwenzake.

Tuseme ukweli: si kila mafuriko ni hasara kwa samaki. Maji yakifunika nyasi za kando, ngege wadogo wanapata pa kujificha na pa kula. Lakini watu wa kando ya ziwa ndio wanalipa. Banda za kupokea samaki zinazama, vyoo vinazama na uchafu wake unaingia majini, mitumbwi inabebwa. Na omena inataka jua. Inavuliwa usiku kwa taa, inaanikwa mchana. Mvua ikija siku ambayo haikutarajiwa, mzigo unaoza ama unapoteza thamani, na dishi lako linakuwa chakula cha kuku.

Wanaoumia zaidi hapo ni akina mama. Pale Nduru Beach, Kaunti ya Kisumu, kuna wanawake walijipanga kuanzia 2011 wakapata mitumbwi yao wenyewe. Kundi lao likaitwa No Sex for Fish. Sababu ilikuwa jaboya, ile tabia ya mvuvi kumwambia mama hatauziwa samaki mpaka alale naye. Mama akiwa na mtumbwi wake, ndiye anaajiri wavuvi, na hakuna mtu wa kumtisha. Mafuriko ya 2020 yalifunika kijiji chao na kuwafukuza kwa keja zao. Ukisikia watu wakisema mabadiliko ya tabianchi ni stori ya wasomi na dubu wa barafu, wakumbushe huyo mama. Samaki wakiwa wachache, mwenye samaki anapata nguvu ya kudai chochote.

Sheria za kalenda, ziwa lisilo na kalenda

Si ati hakuna sheria. Ziko, na nyingi ni za maana. Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia 1 Aprili mpaka 31 Julai ili wazaane. Mbuta anaruhusiwa akiwa kati ya sentimita 50 na 85: chini ya hapo ni mtoi, juu ya hapo ni mathee mwenye mamilioni ya mayai. Nyavu za monofilamenti zimepigwa marufuku. Kila ufuo una BMU, kamati ya watu wa ufuo wenyewe, ambayo inafaa kusimamia nani anavua na vipi. Na juu ya nchi zote tatu kuna shirika la uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, lililoundwa kwa mkataba wa 1994 na makao yake yako Jinja, juu samaki haombi pasipoti.

Lakini cheki venye hizo sheria zimejengwa. Zinahesabu tarehe na sentimita. Hazihesabu joto, na hazihesabu oksijeni. Tarehe 1 Aprili inafika mvua ikiwa imekuja ama haijakuja. Mvuvi anaambiwa akae miezi minne bila doh, na hakuna mtu anamwonyesha kama mwaka huu omena wanazaana wakati huo kweli. Akikosa kuamini, anatoka usiku. Akishikwa anahonga. Sheria inabaki kwa karatasi.

Tuko na historia ya kosa kama hili, na iko Turkana. Ziwa Turkana liliposhiba miaka ya 1970, ngege walijaa Ghuba ya Ferguson, na serikali ya Norway ikafadhili kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol. Mpango ulionekana safi: wafugaji waliopoteza mifugo kwa ukame wawe wavuvi. Kisha ukame wa miaka ya 1980 ukaingia, maji yakarudi nyuma, na ghuba ikakauka. Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi sana. Walipanga maisha ya watu kwa mwaka mmoja mzuri, kama mse anayechukua lesi ya nyumba Kilimani kwa sababu betting ilimjibu wikendi moja.

Kusimamia samaki wakati huu ni kukubali ziwa linabadilika na kupanga ukijua hivyo. Si kitu cha ajabu, na sehemu zake ziko tayari.

Kwanza, kupima. Kifaa cha kupima oksijeni na joto kinabebwa kwa mkono. Kikiwa kwa BMU na kwa kila kundi la vizimba, na vipimo vichukuliwe alfajiri, mfugaji anaweza kupunguza samaki, kuacha kuwalisha kwa muda, ama kuvuna mapema kabla hawajaelea.

Pili, vizimba viwekwe penye maji yanasonga na kina kinatosha, visirundikwe kwa ghuba iliyotulia eti kwa sababu ni karibu na nyumbani. Chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki ni mbolea pia.

Tatu, msimu wa kufunga ufuate samaki. Watafiti wakionyesha mwaka huu kuzaana kumesogea, tarehe isogee, na mvuvi aambiwe mapema na kwa lugha yake. Tanganyika tayari wanajaribu kufunga kwa pamoja: mwaka wa 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi wa ziwa hilo miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, kulingana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka.

Nne, mafunjo. Vinamasi vya Nyando na Yala vinachuja udongo na mbolea kabla havijafika ziwani, na ndani yake samaki wadogo wanajificha mbuta. Ziwa Kanyaboli, pale Yala, bado lina ngege wa asili ambao Victoria yenyewe iliwapoteza karibu wote. Kila ekari ya mafunjo inayochomwa ni chujio linatupwa.

Na wewe wa Pipeline na Umoja?

Wewe huna mtumbwi, lakini una finje ya omena na soo mbili za ngege, na soko linasikia hiyo doh kuliko linavyosikia warsha za hotelini.

Ukienda Gikomba ama soko la karibu, ukiona mbuta mfupi kuliko mkono wako kutoka kwa kiwiko mpaka ncha ya vidole, huyo ni mtoi. Mwache. Muuzaji akikosa mteja wa watoi, mvuvi anakosa sababu ya kuwavua. Uliza samaki ametoka wapi: ziwani, kizimbani, ama kwa friza la meli kutoka China. Si lazima ukatae yeyote. Kuuliza tu kunamfanya muuzaji naye aulize. Na Aprili mpaka Julai omena ikipanda bei, kabla hujamtusi mathee, kumbuka kuna mtu Homa Bay ameweka nyavu kando miezi minne ndio wewe ule mwaka ujao.

Na kama uko chuo unasomea kitu chochote cha maji, kompyuta ama vifaa vya umeme, hapa kuna kazi. Ziwa linahitaji watu wa kupima, wa kutengeneza hivyo vifaa vikiharibika, na wa kutuma onyo kwa simu ya mfugaji saa kumi za usiku kabla hewa haijaisha. Hiyo ni hustle ambayo bado haijajaa watu.

Rudi sasa kwa ile sahani ya saa saba. Omena ni wachache. Kila mmoja wao alipita katikati ya ghorofa za maji, dhoruba, taa za usiku na mvua ya ghafla ndio afike hapo. Mathee alisema huko lake mambo si mazuri, na hakukosea. Sai angalau unajua ni nini si mazuri. Maliza omena yako, ulipe, na usimwache hata mmoja kwa sahani.